Rangi zangu zinagombana, na gauni la njano limegeuka kijani

SWALI

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa msomaji wa kimyakimya wa safu yako kwa muda mrefu, lakini leo yamenifika shingoni. Mimi ni mchoraji wa kujifunza mwenyewe. Siku za kazi natengeneza mabango, kadi na nembo kwa kompyuta. Mwisho wa wiki nazima mashine, napaka akriliki kwenye turubai. Mkono wangu si mbaya: nikikuchora kwa penseli utajitambua, hata watoto wako watakutambua. Nikigusa rangi tu, kila kitu kinaharibika.

Nikupe visa viwili vya mwezi huu.

Cha kwanza ni bango la tamasha la muziki. Nilisoma mahali kwamba rangi zinazotazamana kwenye duara la rangi hupendezeshana, basi nikajaza nyekundu ya kuwaka nyuma yote na maandishi nikayapaka kijani. Kwenye skrini niliona limechangamka. Mteja alilitazama kidogo, akapepesa macho, akaniambia, "Rangi zinagombana. Halafu saa ya kuanza umeiweka wapi?" Saa ilikuwa palepale katikati, kwa herufi kubwa! Nikaongeza njano, nikaongeza buluu, nikazungushia herufi mstari mweupe. Akasema sasa ndiyo zimeita na majirani waje kugombana. Toleo la tatu alilikubali kwa uchovu tu. Tukachapa, na ile buluu iliyokuwa inawaka kwenye skrini ikatoka imenywea kama shati lililofuliwa mara mia. Mchapaji anasema mashine yake haina kosa. Mteja anasema kosa ni langu.

Cha pili ndicho kinachoniuma. Ninamchora shangazi yangu amekaa kando ya dirisha, amevaa gauni la njano. Upande wa mwanga ulikuja vizuri mno, nikajiona nimefika. Nilipofikia mikunjo ya kivulini nikachukua njano ileile, nikatia nyeusi kidogo ili ipate kiza. Ikawa kijani. Nikatia nyekundu kukiua kijani, ikawa kahawia. Nikatia nyeupe kuinyanyua, ikawa tope lililokaukia barabarani. Shangazi akapita nyuma yangu, akasimama, akauliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, gauni langu limeota ukungu?" Sijaigusa turubai tangu siku hiyo.

Nina tyubu 24 za rangi. Nimekariri maana zake zote: nyekundu mapenzi, buluu utulivu, njano furaha, na kadhalika. Nakuomba kitu kimoja tu. Nipe orodha ya rangi zinazopatana niibandike ukutani, niache kubahatisha. Au niambie bila kunificha kwamba rangi ni kipaji na mimi sikupewa.

Ni mimi,
Tope Limenishinda

JIBU

Marahaba, Tope. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa ajili ya shangazi yako tu. Huyo mtu ana jicho. Mtunze.

Orodha sikupi. Si uchoyo. Ningekupa leo, mwezi ujao ungeniandikia na malalamiko haya haya, maana rangi hazigombani kwa majina yao. Nyekundu na kijani unazozilaumu zinakaa pamoja kwenye mche wa waridi jekundu, ua jekundu ndi juu ya majani yake, na hakuna aliyewahi kupepesa macho kwa kuliangalia. Ugomvi wa bango lako uko kwingine.

Kila rangi ina mambo matatu ndani yake. Ina jina: nyekundu, buluu, njano. Ina mwanga, yaani iko karibu na nyeupe au karibu na nyeusi kiasi gani. Na ina kukolea, yaani inawaka au imefifia kuelekea kijivu. Aliyezipanga kwa vipimo hivi vitatu ni Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa Marekani, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1905. Wewe ulisoma kipimo cha kwanza ukaishia hapo, na kosa si lako peke yako, kwa sababu duara la rangi ni ramani ya majina tu. Linakwambia nani anamtazama nani. Halikwambii nani ana mwanga na nani ana giza, na jicho la binadamu hilo la mwanga ndilo linalolitafuta kwanza. Mpaka wa kitu, umbo la uso, mstari wa herufi, vyote jicho huvishika kwa tofauti ya mwanga zaidi kuliko kwa tofauti ya rangi.

Fungua lile bango la kwanza kwenye kompyuta yako. Ondoa rangi zote, liache la nyeusi na nyeupe. Nadhani unajua utakachokiona: kijivu juu ya kijivu, na saa ya kuanza imezama. Mteja wako hakuwa kipofu wala mkorofi.

Unaweza hata kulipima jambo hili kwa namba. Wanaoandika miongozo ya kurasa za intaneti wana kipimo cha tofauti ya mwanga kinachoanzia 1 kwa 1, ambapo hakuna tofauti yoyote, hadi 21 kwa 1, ambayo ni nyeusi ti juu ya nyeupe pe. Maandishi ya kawaida wanataka yafikie angalau 4.5 kwa 1, maandishi makubwa 3 kwa 1. Sasa tuseme nyekundu yako ni ile kamili ya skrini, namba 255 (kompyuta huhesabu kila nuru kuanzia 0 hadi 255), na kijani ni kile cha kati, namba 128. Ukizipima hizo mbili unapata kama 1.3 kwa 1. Ni karibu sawa na kuandika kwa chokaa ukutani palipopakwa chokaa. Na kwa kuwa zote mbili zimekolea na mwanga wao unakaribiana, jicho linaona majina mawili yanayopingana lakini halipati pa kushika ukingo. Ndipo kingo za herufi zinapoanza kutetema. Huko kutetema ndiko mteja alikokuita kugombana, na neno lake si baya hata kidogo.

Kuna jingine kuhusu hizo mbili. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, kama 1 kati ya 12 huzaliwa na tatizo la kutofautisha nyekundu na kijani. Kwa wanawake ni kama 1 kati ya 200. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya bango lako hata huo ugomvi haoni. Anaona karatasi moja ya rangi ya matope. Ila ukimpa tofauti ya mwanga, anasoma kama mtu mwingine yeyote, na wewe hukulazimika kujua kama yupo.

Majina ya rangi yanadanganya sana kuhusu mwanga, na hapa inabidi ujifunze upya kuangalia. Kwenye skrini, weupe wote unatokana na nuru tatu, na mgawo wake si wa haki: katika mwanga ambao jicho linauona, kijani huchangia kama sehemu 72 kwa 100, nyekundu 21, buluu 7 tu. Ndiyo maana buluu kamili ya skrini, hata ikiwaka namna gani, ni rangi ya giza. Maandishi meupe juu yake yanasomeka bila shida, kwa zaidi ya 8 kwa 1. Njano nayo, ambayo ni nyekundu na kijani zikiwa zimewashwa pamoja, iko jirani kabisa na nyeupe. Njano kamili juu ya nyeupe ni kama 1.07 kwa 1. Ulipozungushia herufi za njano mstari mweupe ukidhani unaziokoa, ulikuwa unamfunika mtu blanketi la pili wakati wa joto.

Sasa bango tulirekebishe bila kuitupa nyekundu yako, maana naona unaipenda. Ishushe mwanga mpaka iwe damu ya mzee. Weka maandishi ya krimu juu yake. Hapo uko kwenye 10 kwa 1 au karibu, na mtu aliye ng'ambo ya barabara anasoma saa. Kijani kiache kwenye kitu kimoja kidogo, labda mstari chini ya jina la tamasha, na ukifishe kidogo kielekee kijivu. Njano na buluu ziondoke. Rangi moja kubwa iliyotulia, moja ya kusomeka, moja ndogo ya kuita. Nimeona mabango mengi maishani, na yaliyoharibika kwa kukosa rangi nayahesabu kwa vidole. Yaliyoharibika kwa kila rangi kutaka kuwa bwana harusi siwezi kuyahesabu.

Kabla ya kufungua programu, siku nyingine, mwulize mteja swali moja: mtu akilitazama bango sekunde moja tu, aondoke na nini? Akisema tarehe, basi tarehe ndiyo inayopata tofauti kubwa kuliko zote ya mwanga, na ndiyo inayopata rangi iliyokolea kuliko zote. Vingine vyote vinafifia ili hiyo ionekane. Akikwambia "vyote", mpe kalamu akate mwenyewe.

Suala la buluu iliyonywea nalipita haraka, maana mchapaji wako amesema kweli. Skrini inatoa nuru, karatasi haitoi. Wino unachofanya ni kunyonya sehemu ya nuru inayoangukia karatasi na kuiacha nyingine irudi machoni. Mashine nyingi zinatumia wino wa aina nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, na hakuna namna ya kuchanganya samawati na majenta ikafikia ile buluu inayowaka kwenye skrini. Haipo kwenye karatasi, basi. Kazi ya kuchapwa ianze katika hali ya CMYK, yaani ya wino huo wa aina nne, tangu mwanzo, usisubiri kubadilisha siku ya mwisho, na uchapishe kipande cha ukubwa wa kiganja ukione mchana kabla ya kuchapa vyote.

Twende kwa shangazi.

Kwanza nikutoe hofu: kugeuka kijani kwa njano yako si mkosi. Chukua nyeusi yako, tone dogo tu, uichanganye na nyeupe nyingi. Tazama kijivu utakachopata. Mara nyingi utaona kina ubuluu ndani yake. Nyeusi nyingi za tyubu zina tabia hiyo, na njano ikikutana na kitu chenye ubuluu haijui kwingine kwa kwenda, inakwenda kijani. Anders Zorn, mchoraji wa Sweden aliyefariki mwaka 1920, anajulikana kwa kuchora kwa rangi nne tu: nyeupe, njano ya udongo, nyekundu na nyeusi. Buluu hana. Nyeusi ndiyo iliyomfanyia kazi ya buluu, na kijani alikipata kwa mchanganyiko uleule uliokuliza wewe. Tofauti ni kwamba yeye alikitaka.

Halafu ukaanza kukimbiza kosa kwa kosa. Kila rangi ya tyubu inakula sehemu ya nuru. Njano inakula yake, nyeusi inakula karibu yote, nyekundu inakula iliyobaki, na nyeupe uliyoitia mwishoni haikurudisha kilicholiwa, ilikipaka unga tu. Ndiyo siri yote ya tope. Mchanganyiko ukishavuka rangi mbili au tatu bila kufika unakotaka, usiongeze ya nne. Futa kibao cha kuchanganyia, anza upya. Rangi unayoitupa ni ndogo kuliko siku unayoipoteza.

Giza la njano halipatikani kwa kuitia kiza. Linapatikana kwa kuhamia rangi nyingine yenye giza zaidi ambayo ni ndugu yake. Panga hivi kwenye kibao, kutoka kushoto: njano yenye nyeupe kidogo, kwa pale nuru inapopiga moja kwa moja. Njano yenyewe. Kisha njano iliyochanganywa na njano ya udongo. Kisha njano ya udongo peke yake. Kisha njano ya udongo na kahawia, kwa mikunjo ya ndani kabisa. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana, utazame safu hiyo. Ikiwa inashuka kama ngazi bila kuruka kidato, mikunjo yako imeshakwisha kabla hujagusa turubai. Na ukumbuke kwamba akriliki hukauka ikiwa na giza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu gundi yake ni nyeupe ya ukungu ikiwa mbichi na huwa angavu ikishakauka. Kwa hiyo kivuli kikionekana sawasawa kikiwa kibichi, kitakuwa kizito kesho. Kipandishe mwanga kidogo tu.

Usikijaribu kivuli hicho kwenye kibao cheupe, ukakipima hapo. Juu ya nyeupe kila kitu kinaonekana kizito kuliko kilivyo. Paka kwenye kipande cha kadi, kisogeze hadi kiguse gauni pale kwenye mwanga, ndipo uamue. Na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo orodha yako ya ukutani inapofia.

Mwaka 1824 mwanakemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, alipewa usimamizi wa upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Kati ya malalamiko aliyoyakuta, moja lilihusu nyuzi nyeusi: wafumaji walisema zikitumika kwenye vivuli vya vitambaa vya buluu na zambarau, weusi wake unakosa nguvu. Unaona yanavyofanana na yako? Mashine ina kosa, wino una kosa, nyuzi zina kosa. Chevreul akalinganisha nyuzi hizo na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akakuta hazina upungufu wowote. Kasoro ilikuwa ni jirani. Nyeusi ikikaa karibu na buluu, jicho linaisukuma upande mwingine na uweusi wake unaonekana kulegea. Alilichunguza jambo hilo kwa miaka, akachapisha kitabu mwaka 1839, na wachoraji wa Ufaransa wa nusu ya pili ya karne ile walikisoma kama wanafunzi wanavyosoma kabla ya mtihani. Yeye mwenyewe aliishi hadi akiwa na umri wa miaka 102. Nasema tu.

Jaribu mwenyewe jioni hii. Kata vipande viwili vya karatasi ya kijivu kutoka kwenye karatasi moja, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Kimoja kiweke katikati ya karatasi ya njano, kingine katikati ya buluu nzito. Rudi nyuma hatua mbili. Kile cha kwenye njano kitaonekana kizito zaidi na chenye kaubuluu fulani, karibu na zambarau. Kile cha kwenye buluu kitang'aa na kupata joto. Visogeze vikutane, ni kitu kimoja. Mwite mtu mwingine ndani ya nyumba mumwonyeshe pamoja, maana hata ukijua siri yake jicho halikubali.

Sasa elewa maana yake kwa gauni. Huna haja ya kutia zambarau kwenye vivuli vya njano kama wengine wanavyoelekeza. Kijivu cha kawaida ukutani nyuma ya shangazi, kilichotulia, kitapata uzambarau chenyewe kwa kukaa jirani na njano, na gauni litawaka zaidi bila wewe kuongeza hata tone la njano. Nusu ya kazi ya rangi unaifanya nje ya kitu unachokipaka. Kama gauni limepooza, kabla ya kuligusa gauni angalia ukuta.

Kitu kingine cha dirishani. Nuru inayoingia dirishani kutoka angani, si ile ya jua la moja kwa moja, huwa na ubuluu kidogo, na hapo vivuli huonekana kuelekea kwenye joto, yaani kahawia na udongo. Jua lenyewe likiingia na unjano wake, mambo yanageuka, vivuli vinapoa. Usiniamini mimi wala kitabu. Toboa tundu dogo kwenye kadi nyeupe, fumba jicho moja, tazama kupitia tundu hilo kivuli cha gauni peke yake, bila kujua ni gauni. Ukishaondoa neno "njano" kichwani utashangaa rangi iliyo pale. Mara nyingi ni rangi isiyo na jina, na hiyo ndiyo unayotakiwa kuichanganya.

Na usichore usiku. Niliwahi kumaliza mchoro mzima chini ya balbu ya manjano, nikalala nikiwa na furaha ya ajabu. Asubuhi nikafungua pazia nikakuta watu watatu wenye homa ya nyongo ya manjano. Chini ya taa ile njano na nyeupe zilikuwa zinafanana, kwa hiyo kila nilipotaka joto nilikuwa namwaga njano bila kuiona. Mchoro huo ninao bado, nimeugeuzia uso ukutani.

Kuhusu maana ulizokariri, nyekundu mapenzi na ndugu zake, sitaki kukuvunja moyo, lakini zitakusaidia kidogo mno. Nyekundu ileile inasema "simama" kwenye taa ya barabarani na inasema "nakupenda" kwenye kadi. Aliyesema si rangi, ni mahali ilipokaa na ukubwa wake na jirani zake.

Ulitaka nikwambie kama rangi ni kipaji. Kipaji kipo, lakini ulichoniandikia hakihusiani nacho. Ulikosa kupima mwanga na ukawa na tyubu nyingi mno, na vyote viwili vinatibika kabla ya mwezi kuisha. Gauni la shangazi likiisha, toa tano: nyeupe, njano moja, nyekundu moja, buluu moja, na kahawia ya udongo. Chora na hizo tu kwa miezi mitatu. Utagundua kwamba buluu yako ina upande, inaelekea zambarau au inaelekea kijani, na kwamba ile inayoelekea zambarau ikikutana na njano yenye wekundu inatoa kijani kilichozubaa, ambacho kwa majani ya kweli ni bora kuliko kijani cha tyubu. Mambo kama hayo huyajui ukiwa na tyubu 24, kwa sababu kila ukikwama unafungua nyingine.

Zile 19 zilizobaki usizitupe. Safisha midomo yake, funga vifuniko sawasawa uziweke sandukuni, maana akriliki ikikauka ndani ya tyubu hairudi tena. Ukungu wa gauni nao usiukwangue. Umeshakauka, paka juu yake. Kabla ya hapo mwombe shangazi arudi akae dirishani saa ileile uliyoanza naye. Ukianza naye asubuhi ukaja kummalizia alasiri, utakuwa na magauni mawili.